Rejesta ya wakazi: namna ya kuhesabu watu wa kijiji na kuendesha kijiji kwa hesabu hiyo

Wiki yangu ya kwanza kama mtendaji wa kijiji, simu iliita saa nne asubuhi: kijiji kina watu wangapi, kaya ngapi, watoto wa chini ya miaka mitano wangapi, majibu yatumwe kabla ya saa sita. Nikafungua kabati. Kulikuwa na muhuri mkavu, mafaili ya mihutasari yaliyoliwa na mchwa, na kauntabuku moja iliyoandikwa REJESTA kwa kalamu nyekundu, kurasa kumi na moja zimejazwa, zilizobaki nyeupe. Mwenyekiti akanishauri niandike namba ya mwaka jana niongeze kidogo. Niliandika. Miezi kadhaa baadaye vikaletwa vyandarua kwa hesabu ile ile niliyotunga, na kitongoji kizima cha ng'ambo ya mto kikakosa. Mwongozo huu ni wa mtendaji, mwenyekiti au mjumbe wa halmashauri ya kijiji ambaye hataki kurudia kosa hilo. Mifano ni ya Tanzania Bara, vijiji vya mkoani Morogoro nilikofanyia kazi.

Kwanza, jua nani anabeba nini

Kijiji chetu kinaendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Chombo kikubwa kuliko vyote ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Chini yake ni halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, wanawake wasipungue robo, na wenyeviti wa vitongoji wamo humo. Mwenyekiti anachaguliwa na wananchi kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 27, 2024. Mtendaji hachaguliwi. Yeye ni mwajiriwa, katibu wa halmashauri ya kijiji, na ndiye mtunza kumbukumbu. Kwa hiyo rejesta ni mzigo wa mtendaji, ila miguu ya kuizungusha ni ya wenyeviti wa vitongoji.

Na balozi wa nyumba kumi? Kwa karatasi, balozi ni wa chama, si wa serikali, tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992. Kwa uhalisia, hakuna anayejua nani kalala wapi kuliko yeye. Mtumie kama mwenyeji wa kukuonyesha njia, asiwe mwandishi wako. Kijiji chenye ushindani wa vyama, rejesta ikiandikwa na balozi nusu ya watu hawatakutajia watoto wao.

Chagua msimu kabla ya kuchagua kalamu

Kosa langu la pili lilikuwa kuhesabu mwezi Mei. Mpunga unaiva, ndege waharibifu kwelea kwelea wameshuka, na watu wako vibandani shambani wanapiga madebe toka alfajiri. Nyumba kumi unakuta kufuli saba. Subiri mavuno yaingie ndani. Kwetu Agosti na Septemba watu wapo, barabara za vitongojini zinapitika, na wenye harusi hawajaanza kusafiri sana. Kijiji cha wafugaji ni kinyume chake: kiangazi mifugo inafuata maji na vijana wanafuata mifugo, basi wahesabu masika. Kama kijiji kina makundi yote mawili, usilazimishe wiki moja kwa wote. Hesabu mara mbili, kila kundi na msimu wake.

Muda wa siku nao una siri yake. Asubuhi utamkuta bibi na wajukuu. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ndipo mkuu wa kaya yupo na anaweza kukuambia yule kijana aliyetajwa na mama yake kuwa "yupo" kumbe yuko Kariakoo mwaka wa tatu.

Toa tangazo, na useme ukweli kuhusu michango

Watu hawajifichi bure. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, lakini mzee wa miaka sitini anakumbuka vizuri mgambo walivyokuwa wakivamia alfajiri kutafuta wanaume wasio na stakabadhi. Ukija na daftari, kitu cha kwanza anachofikiria ni hicho, na leo kimegeuka kuwa mchango wa madarasa. Kaya inayochangia kwa kichwa cha mwenye nguvu itakutajia wenye nguvu wachache iwezekanavyo.

Nilichofanya: nililipeleka jambo kwenye halmashauri ya kijiji, likapata muhtasari, kisha mkutano mkuu ukapitisha kwamba orodha ya michango itaandaliwa kwenye daftari lake, tofauti kabisa na rejesta ya wakazi. Tangazo nilibandika siku saba kabla, msikitini na kanisani likasomwa, na mbiu ikapigwa kila kitongoji usiku wa kuamkia siku ya kazi. Wanaume waliongezeka kwenye hesabu. Sikuwa nimewahi kuona vijana wengi hivyo.

Daftari lenyewe

Usianze na kompyuta hata kama unayo. Nunua kauntabuku ngumu, moja kwa kila kitongoji, na utoe ukurasa mzima kwa kaya moja. Ukibana kaya tatu ukurasa mmoja, mwaka ujao mtoto akizaliwa utamwandika pembeni, na wa pili utamwandika juu ya kichwa cha baba yake.

Safu ninazotumia ni hizi:

- namba ya kaya: herufi ya kitongoji na namba, mfano B-017, kaya ikihama namba hiyo haipewi mwingine kamwe
- majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa au cheti kwa mwenye nacho
- uhusiano na mkuu wa kaya
- jinsi
- mwaka wa kuzaliwa
- alikotoka na mwaka aliohamia, kwa asiyezaliwa hapo
- kazi
- maelezo

Angalia safu ya tano: mwaka wa kuzaliwa, si umri. Rejesta niliyoikuta ilikuwa na safu ya umri. "Miaka 4." Miaka minne lini? Mtoto yule alikuwa darasa la tatu. Ukiandika mwaka, daftari linajihesabia lenyewe kila Januari: wa kwenda awali, wa kwenda darasa la kwanza, waliofikisha 18 na kuingia mkutano mkuu.

Namba za simu na za NIDA (za kitambulisho cha taifa) mimi naziweka kwenye daftari dogo ninalofungia kabatini, kwa sababu rejesta kubwa inashikwa na wengi. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na hata bila sheria, si vizuri mkopeshaji apite ofisini akaondoke na namba za wajane wote wa kijiji.

Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja mwembamba ili chini pasomeke, na uweke tarehe. Dawa ya kufuta usiiruhusu ofisini.

Hodi kwa hodi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika. Kaya ni watu wanaopika na kula chungu kimoja, wakamtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Si nyumba, wala si ukoo. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya mbili, na boma moja la wafugaji likawa na kaya sita: mzee akikuambia "hapa ni kwangu tu", hesabu majiko.

Mwanamume mwenye wake wawili, mmoja kitongoji cha juu na mwingine kando ya mto, ukimuuliza kila nyumba atatajwa mara mbili. Anatajwa kwa haki, maana kote ni kwake. Kwenye rejesta mtu analala ukurasa mmoja. Muulize mwenyewe, akisitasita, muulize jembe na baiskeli vinalala wapi. Kwenye ukurasa wa pili mke anaandikwa mkuu wa kaya, na kwenye maelezo unaandika "mume: tazama A-042". Nilipopitia daftari langu la kwanza kwa jicho hilo, niliwapunguza wanaume kumi na wanne ambao walikuwa wanaishi mara mbili.

Nani mkazi? Mimi natumia miezi sita: amekaa miezi sita, au amekuja kwa nia ya kukaa zaidi ya hapo. Mwanafunzi wa bweni anabaki kwao na neno "bweni" kwenye maelezo. Kibarua wa mavuno anaingia daftari la wageni, si rejesta. Mtoto aliyeletwa kwa bibi asome anaandikwa kwa bibi, hata kama mama yake wa mjini anasema ni wa muda. Wa muda huyo mara nyingi humaliza darasa la saba hapo hapo.

Kisha miaka. Kwa waliozaliwa zamani, usitegemee kitambulisho peke yake. Wengi wao wana Julai 1 au Januari 1 ya kubahatisha. Tengeneza kalenda ya matukio ya eneo lako. Yangu ina uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji 1974 (watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja), Vita vya Kagera 1978 hadi 1979, Mwalimu Nyerere kung'atuka 1985, mvua za El Nino 1997 hadi 1998, msiba wa Mwalimu Oktoba 1999, halafu mambo ya kijijini: mwaka daraja lilipochukuliwa na maji, mwaka shule ilipoezekwa bati.

Jioni moja kitongoji cha mtoni:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, kaa kwenye kigoda."

"Bibi, ulizaliwa mwaka gani?"

"Hayo ya miaka mimi siyajui. Andika unavyoniona."

"Mlipohamishwa kuja hapa kijijini, ulikuwa mtoto?"

"Mtoto! Nilikuja na mimba ya huyu baba yake huyu. Tumebomolewa nyumba, nimebeba kinu kichwani na tumbo mbele."

"Na ulikuwa umeolewa muda mrefu?"

"Misimu miwili tu. Niliolewa kigori."

Mimba ya kwanza 1974, ndoa 1972, kigori wa miaka kumi na sita hivi. Niliandika 1956 na herufi k pembeni, yaani kadirio. Herufi hiyo ndogo ina kazi yake: siku mtu akiniuliza ushahidi wa umri, najua upi ni wa cheti na upi ni wa kinu kichwani.

Majina nayo yataka subira. Mwajuma na Mwanajuma si mtu mmoja. Kijana aliyeitwa jina la babu nyumbani, la ubatizo kanisani na la tatu shuleni ana majina matatu na ofisi tatu zitamkataa. Mwandike kwa jina la cheti, la nyumbani liende kwenye maelezo.

Jumlisha, kisha utilie shaka

Ukimaliza kitongoji, jumlisha siku hiyo hiyo: kaya, wanaume, wanawake, jumla. Gawanya watu kwa kaya. Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchi nzima, na vijijini kaya ni kubwa kidogo kuliko mjini. Kitongoji kikikupa 2.9, umewakosa watoto au vijana. Kikikupa 8, umeunganisha majiko. Watazame watoto wa chini ya mwaka mmoja. Watu wengi hawamtaji mtoto ambaye hajatoka arobaini, na mama mwenyewe anaona bado hajawa wa kuandikwa. Uliza kwa jina la kitu kingine: "Nani ananyonya humu ndani?"

Hesabu yako haitalingana na ya sensa, na usihangaike kuilinganisha. Sensa inauliza nani alilala hapo usiku mmoja, ule wa kuamkia Agosti 23, 2022. Rejesta inauliza nani anaishi hapo. Mgeni wa msiba alihesabiwa kwako, mkazi wako aliyekuwa mnadani kahesabiwa kwingine. Tofauti ndogo ni afya. Tofauti ya theluthi ni kitongoji ulichokisahau.

Jambo jingine linalochanganya watu: orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ile iliyoandikishwa Oktoba 11 hadi 20, 2024, si rejesta ya wakazi, wala si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Ni madaftari matatu, kila moja na kazi yake. Usinakili moja kuwa jingine. Asiyejiandikisha kupiga kura bado ni mkazi wako, na bado anahitaji maji.

Daftari la mienendo, ndilo linaloiweka rejesta hai

Kuhesabu ni kazi ya mwezi mmoja. Kutunza ni kila siku, na wengi huishia hapo. Weka daftari la pili lenye sehemu nne: waliozaliwa, waliofariki, waliohamia, waliohama. Kila mwisho wa mwezi, siku mbili kabla ya kikao cha halmashauri ya kijiji, kila mwenyekiti wa kitongoji analeta karatasi yake. Asiyeleta, jina lake linasomwa kikaoni. Halafu unafanya hesabu moja. Tuseme mwezi ulianza na watu 1,936. Wamezaliwa 6, wamehamia 11, wamefariki 2, wamehama 9. Mwezi unafungwa na 1,942, na unakwenda kurasa husika kuandika majina, si namba tu.

Kifo kijijini hakifichiki. Rambirambi zinakupitia mlangoni na kaburi linachimbwa na watu unaowajua. Kinachofichika ni kuhama. Mtu anaondoka na begi moja, anasema anaenda kusalimia, miaka miwili ndugu wanamtaja kama yupo. Kila Juni na Desemba mimi huwapitia vijana wa miaka 18 hadi 35 mmoja mmoja na mwenyekiti wa kitongoji, jina kwa jina, chini ya mwembe: yupo, hayupo, hajulikani. Asiyejulikana kwa mwaka mzima anaandikwa amehama.

Anayehamia aje na barua ya kijiji alikotoka, apokewe na halmashauri ya kijiji, kisha ndipo apewe namba ya kaya. Usimwandike kwa sababu tu amekuja na mwenyeji wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na swali la kwanza mkutanoni huwa "huyu ni wa wapi?" Rejesta yenye tarehe ya kuhamia inalijibu swali hilo. Rejesta isiyo nayo inaleta watu wawili wenye mapanga ofisini kwako.

Mtoto akizaliwa, usiishie kumwandika. Mkumbushe mzazi kwamba kizazi kinasajiliwa ndani ya siku 90, na mwelekeze zahanati au ofisi ya kata akapate cheti kama wilaya yenu imo kwenye mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, neno la mtendaji ndilo karatasi yake ya kwanza.

Itumie, la sivyo itakufa

Nilijifunza kwamba wenyeviti wa vitongoji huleta karatasi zao kwa wakati pale tu wanapoona namba zinawaletea kitu. Kwa hiyo namba zitoke kabatini.

Mfano wa maji. Sera ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400. Watu 1,942 ukigawa kwa 250 unapata vituo 8. Sisi tulikuwa na vitano, vitatu vikiwa kitongoji kimoja karibu na barabara. Nilipochora jedwali la vitongoji na vituo kwenye karatasi ya manila na kulitundika mkutanoni, ubishi uliodumu miaka minne ulikwisha mchana mmoja. Karatasi ile ile ilipanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na mheshimiwa diwani akaondoka nayo.

Mwalimu mkuu mpe mwezi Septemba idadi ya watoto watakaofikisha umri wa kuanza shule Januari; hayo ndiyo maoteo yake, na atakupenda. Mhudumu wa afya mpe orodha ya wanaonyonya. Kwenye mipango kama ule wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kaya zinapopendekezwa mkutanoni, rejesta inazuia kaya moja kutajwa kwa majina mawili, na inamtetea yule mjane asiye na mtu wa kumtaja.

Mkutano mkuu unakutana kila baada ya miezi mitatu. Pamoja na taarifa ya mapato na matumizi, soma jumla ya watu kwa kila kitongoji, na mabadiliko ya robo hiyo. Soma jumla tu. Nani kazaa na nani kamkimbia mkewe si ya hadhara. Anayetaka kuona ukurasa wa kaya yake aje ofisini, aone wa kwake.

Siku ya kuondoka

Mtendaji huhamishwa. Rejesta haihamishwi. Aliyenitangulia aliondoka na daftari zuri alilolijaza mwenyewe, akaniachia lile la kurasa kumi na moja, na nadhani aliliona ni jasho lake. Kwenye makabidhiano, andika kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kauntabuku idadi ya kaya, idadi ya watu na namba ya mwisho ya kaya iliyotolewa. Mtie saini watatu: anayeondoka, anayeingia, na mwenyekiti wa kijiji. Pigeni picha ukurasa huo kwa simu. Halafu funguo za kabati, moja kwa mtendaji mpya, moja kwa mwenyekiti.